Kinara Akiingia Serikalini, Kura Yangu Inakwenda Wapi?

*Swali: Mwalimu, salamu kutoka Likoni, Mombasa. Nimepiga kura mara tatu, 2013, 2017 na 2022, na mara zote nilimpigia Raila Odinga pamoja na suti nzima ya chama chake cha ODM, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi. Tangu afariki sielewi chama changu kinaelekea wapi. Leo kigogo mmoja anasema tutakuwa na mgombea wetu wa urais 2027, kesho mwingine anasema tutamuunga mkono Rais Ruto, keshokutwa wa tatu anasema twende na upinzani. Mjomba wangu anashikilia tusubiri kinara aseme neno, kisha sote tufuate. Vijana wenzangu wa maskani wanasema hakuna haja ya kupanga foleni, wakubwa watagawana vyeo tu. Nami nafikiria kumpigia mgombea mdogo asiye na doa, lakini naambiwa hiyo ni kura ya kutupa. Na nikiamua kuuacha mkono wa chama, kuna mahali napaswa kujiondoa?*

Ndugu yangu wa Likoni, wasiwasi wako ni wa haki, na wengi waliozoea kupiga kura kwa kufuata jina moja wanao. Nikikusoma vizuri, unachotaka kujua ni hiki: kiongozi wa chama akiamua jambo ambalo wewe hukuliamua, kura yako inabaki kuwa yako au inakuwa mali yake? Nitakujibu moja kwa moja. Inabaki yako hadi itumbukie debeni. Ila kiongozi ana nguvu juu ya mambo yanayotangulia debe, na hayo ndiyo wanayopigania hivi sasa huku wewe ukisikia majibizano tu.

Kwanza, usishangae kuwa sauti za chama ni nyingi. Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, na uongozi ukakabidhiwa ndugu yake mkubwa, Seneta Oburu Oginga wa Siaya. Kabla ya hapo, tarehe 7 Machi 2025, ODM na UDA, chama cha Rais Ruto, walikuwa wametia saini mkataba wa maelewano wa mambo 10, na tangu 2024 waliokuwa vigogo wa ODM kama John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi wamekaa kwenye baraza la mawaziri. Chama kilichoingia katika hali hiyo kikiwa na mtu mmoja wa kusuluhisha, kisha kikampoteza, lazima kivutane. Na kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wanalipita haraka: tangu ODM izaliwe kutokana na kura ya maamuzi ya Novemba 2005, haijawahi kuingia uchaguzi mkuu bila jina la Raila kwenye karatasi ya urais. 2007 alikuwepo, 2013, 2017, 2022. Kwa hiyo anayekuambia kwa uhakika kwamba "kura za Baba", yaani za Raila, zitakwenda huku au kule anakisia. Hakuna uchaguzi uliopita wa kulinganisha nao.

Sasa hoja ya mjomba. Dhana kwamba kinara ana kura mfukoni ina ukweli nusu, na historia yetu inaonyesha ni nusu ipi. Mwaka 2002 Raila alisimama Uhuru Park akasema "Kibaki Tosha", na Nyanza ikampigia Mwai Kibaki kwa wingi mkubwa. Neno lilifanya kazi kwa sababu watu walikuwa tayari wanataka KANU, chama kilichokuwa kikitawala, iondoke. Kiongozi aliwaonyesha mlango tu. Mwaka 2022 Uhuru Kenyatta, akiwa rais na kinara wa Jubilee, aliwaomba watu wa Mlima Kenya wampigie Raila. Mgombea mwenza, Martha Karua, alikuwa binti wa Kirinyaga. Hata hivyo Kiambu, nyumbani kwa Uhuru, William Ruto alipata karibu kura tatu kwa kila moja ya Raila, na Kirinyaga nayo ikaenda kwa Ruto. Raila alipanda eneo hilo kuliko 2017, kweli, lakini haikutosha. Neno la kinara liligongana na hisia za watu, hisia zikashinda.

Kuna mfano wa tatu, nao unafundisha zaidi. Baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, Raila aliwaambia wafuasi wasishiriki marudio ya 26 Oktoba. Kiwango cha kujitokeza kikashuka kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 40, na katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura hazikupigwa. Ukiiweka mifano hii pamoja utaona kwamba kiongozi anaweza kuwabakisha watu nyumbani kwa urahisi kuliko anavyoweza kuwahamisha kutoka kwa mgombea mmoja hadi mwingine. Kuhamisha kunahitaji mpiga kura mwenyewe awe ameshaanza kuinuka.

Ndiyo maana unaposikia "kinara ametoa mwelekeo", jiulize ni watu wangapi waliokuwa wanangoja mwelekeo huo. Ni kweli kwamba wengine wangefuata popote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wapiga kura wa Pwani wana hesabu zao za ardhi, bandari, ajira na bei ya unga, na hesabu hizo hazisubiri kongamano la wajumbe.

Kama kura si zake, basi vigogo wanagombania nini? Wanagombania vitu vitatu vinavyoshikika. Cha kwanza ni tiketi. Katika ngome ya chama, mshindi wa mchujo, yaani uchaguzi wa ndani wa chama, mara nyingi ndiye mbunge, na anayesimamia chama ndiye anayesimamia bodi ya uchaguzi ya chama, vyeti vya uteuzi, na uamuzi wa kama wadi fulani itapiga kura ya mchujo, itaachiwa wajumbe, au mgombea atatangazwa tu. Cha pili ni fedha. Sheria inataka hazina ya vyama vya siasa isipungue asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na sehemu kubwa yake hugawanywa kulingana na jumla ya kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi mkuu uliotangulia, zikihesabiwa za ngazi mbalimbali na si za urais peke yake. Hata kura yako ya mwakilishi wa wadi ya 2022 imekuwa ikiingizia chama pesa miaka yote hii. Cha tatu ni saini. Mkataba wa muungano hutiwa saini na viongozi waliosajiliwa rasmi, na huo ndio unaoamua nani atakuwa mgombea mwenza, nani ataachiwa kaunti ipi, na vyeo vitagawanywaje.

Ukishaelewa hivyo, utajua kupepeta habari. Hotuba ya mazishini, hata iwe kali namna gani, haimfungi aliyeitoa. Desemba 2012 Uhuru Kenyatta alitia saini makubaliano ya kumwachia Musalia Mudavadi tiketi ya urais, na baada ya siku chache akayakana. Machi 2013 Uhuru akawa rais, Mudavadi akapata chini ya asilimia 4. Kwa hiyo fuata tarehe na makaratasi. Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, ambayo kwa 2027 ni tarehe 10. Rudi nyuma miezi sita, unafika Februari: afisa wa umma anayetaka kugombea kiti anatakiwa awe amejiuzulu. Waziri anayenong'onwa kuwa atawania ugavana na bado yuko ofisini mwezi Machi, mtoe kwenye orodha yako. Rudi nyuma miezi minne, unafika mapema Aprili: mkataba wa muungano wa kabla ya uchaguzi unapaswa kuwa umewasilishwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Mwaka 2022 Azimio, muungano wa Raila, waliharakisha kuwasilisha wao kwa sababu ya siku hiyo hiyo. Baada yake huja mchujo na vyeti. Sheria ikibadilishwa kabla ya hapo, tarehe hizi zinaweza kusogea, lakini mpangilio wake hautapinduka.

Mabadiliko ya uongozi wa chama nayo hayakamiliki kwa kutangazwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Chama kinapaswa kumjulisha Msajili, na mabadiliko huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali. Kundi moja likisema limemng'oa katibu mkuu na lingine likisema bado yupo, tazama ni jina la nani limo kwa Msajili. Mizozo ya ndani huanzia kwenye kamati ya chama chenyewe, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, ambalo lina miezi mitatu ya kuamua, kisha Mahakama Kuu. Mzozo ulioanza Januari unaweza kabisa kuwa haujaisha wakati karatasi za kura zinapelekwa kuchapishwa, na anayeumia ni mgombea wa wadi ambaye hajui cheti chake kimetiwa saini na mtu halali au la.

Kuhusu kura za maoni, maana najua mnazijadili hapo maskani: nyingi za mwisho kabla ya tarehe 9 Agosti 2022 zilimweka Raila mbele, naye akashindwa. Si lazima kuwa walioziendesha walidanganya. Sampuli ya watu 2,000 ina ukingo wa makosa wa takriban asilimia 2 juu na chini kwa kila mgombea. Kwa hiyo mmoja akiwa 46 na mwenzake 44, kitakwimu hujui nani anaongoza. Ongeza wale wanaojibu "sijaamua" au wanaokataa kujibu, ambao mara nyingi ni wengi kuliko pengo lenyewe. Kisha kuna kosa kubwa kuliko yote: anayeulizwa kwa simu anasema atampigia nani, lakini siku yenyewe hatoki nyumbani. Sheria inamtaka mchapishaji aonyeshe nani alilipia utafiti, ulifanyika lini, watu wangapi waliulizwa na ukingo wa makosa ni kiasi gani. Ikikufikia picha ya asilimia kwenye WhatsApp bila hayo manne, usiisambaze.

Sasa nije kwenye "kura ya kutupa", kwa sababu hapa watu wanapotoshwa sana. Katiba yetu haimtangazi rais kwa sababu tu ana kura nyingi kuliko wenzake. Anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote halali, na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Akikosa, wawili wa juu hurudi debeni ndani ya siku 30. Hilo halijawahi kutokea tangu katiba ya 2010. Marudio ya Oktoba 2017 yalikuwa uchaguzi mpya kwa amri ya mahakama, wala si duru ya pili.

Tazama hesabu ya 2022 kwa karibu. Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila 6,942,930. George Wajackoyah na David Mwaure kwa pamoja walipata takriban 94,000. Jumla ni kama milioni 14.2, na nusu yake ni kama milioni 7.1. Ruto aliivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Kama wapiga kura wengine takriban 140,000 wangejitokeza na kumchagua yeyote asiyekuwa Ruto, hata Mwaure, asingekuwa na nusu, na nchi ingeingia duru ya pili. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya mwenyewe: ni kura tatu kwa kituo.

Kwa hiyo katika mfumo wetu kura ya mgombea mdogo ina kazi, kwa sababu inapandisha idadi ambayo mkubwa lazima aipate. Hata hivyo nisikupambe. Ina kazi pale tu wawili wa mbele wanapokaribiana na hakuna aliyevuka nusu kwa mbali. Mmoja akiwa na asilimia 54, kama ilivyotangazwa Agosti 2017, kura yako ya mgombea mdogo ni tamko la dhamira tu. Tena, duru ya pili ikifika utalazimika kuchagua kati ya wawili ambao huenda huwapendi, au ukae. Kama una chuki ya kweli na mmoja wao na pengo ni jembamba, kumpigia mpinzani wake mkuu kuna uzito zaidi: kunapunguza tofauti na kunapandisha nusu kwa pamoja. Angalia pia kama huyo mgombea wako atafika kwenye karatasi kabisa. Anahitaji saini za wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila moja ya kaunti zaidi ya nusu, na mwaka 2022 waliopita ni wanne tu nchi nzima.

Kura iliyoharibika ndiyo isiyofanya kazi yoyote. Mahakama ya Juu iliamua 2013 kwamba asilimia zinahesabiwa kwa kura halali pekee. Mwaka 2022 zaidi ya laki moja zilikataliwa. Zinaharibika kwa alama kuwekwa kwa wagombea wawili, alama kukaa katikati ya mistari hivi kwamba haijulikani ni ya nani, au mtu kuandika jina lake. Anayekusudia kupinga wote kwa kuchora msalaba karatasi nzima ajue kwamba katika hesabu ni kama hakuja.

Hapo tunafika kwa vijana wa maskani. Mombasa ilikuwa na watu zaidi ya 640,000 kwenye daftari la 2022, na waliopiga kura ya urais hawakufika nusu. Tofauti ya Ruto na Raila nchi nzima ilikuwa kura 233,211. Waliobaki nyumbani Mombasa peke yake walikuwa wengi kuliko tofauti hiyo. Sisemi wote wangepiga upande mmoja, hasha. Lakini kisiwa na viunga vyake vilikuwa na uwezo wa kuamua rais wa Kenya, na havikuutumia. Wakubwa wanagawana vizuri zaidi pale ambapo hesabu ya waliotoka ni ndogo, kwa sababu kundi dogo linalolipwa kutoka linatosha kushinda.

Kuhusu suti nzima, nakushauri uivue angalau uitazame. Utapewa karatasi sita na kila moja ni uamuzi wake. Meru 2022 walimpigia Ruto urais, lakini ugavana wakampa Kawira Mwangaza, mgombea huru, wakimpita mgombea wa UDA na gavana aliyekuwa kitini. Upande wa pili wa mizani upo: viti vya uteuzi bungeni na katika bunge la kaunti hugawiwa vyama kulingana na viti walivyoshinda, kwa hiyo ukimchagua mgombea huru hakuna mwanamke, kijana wala mlemavu anayeingia kwa mgongo wake. Na mgombea huru akishinda, hana kiranja wa chama wa kumrudisha kwenye mstari anapoasi. Kama mwakilishi wa chama chako wadini amefanya kazi, huna sababu ya kumwadhibu kwa ugomvi wa Nairobi. Kama hajafanya, rangi ya chungwa ya ODM haitampa bidii.

Na baada ya uchaguzi, kiongozi akiungana na aliyemshinda? Hilo sheria hailizuii. Ilitokea 9 Machi 2018 Raila na Rais Uhuru walipopeana mikono, ikatokea tena 2024. Mbunge anayejiuzulu chama kilichompa tiketi hupoteza kiti, na anayefanya kampeni waziwazi ya chama kingine anaweza kuhesabiwa amejiuzulu. Lakini chama chenyewe kikihamia serikalini, wabunge wake wanabaki salama. Kinga pekee uliyo nayo ni kabla: muulize mgombea hadharani, mbele ya mashahidi, atakaa wapi chama kikiingia serikalini, na sikiliza kama anajibu au anazunguka.

Swali lako la mwisho ni jepesi. Kura ni siri, na kuwa mwanachama wa ODM hakukuzuii kumpigia yeyote. Uanachama una maana kwenye mchujo, kwani orodha ya wanachama ndiyo inayotumika, na huruhusiwi kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja. Ingia eCitizen, sehemu ya Msajili wa Vyama, uone umeandikwa wapi. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta ni wanachama wa vyama wasivyovijua. Ukitaka kutoka, andika barua ya kujiuzulu kwa chama, nakala kwa Msajili, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kama unafikiria kugombea kama mgombea huru, uwe umetoka si chini ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Yapo mambo ambayo majibu ya kuandikwa hayatoshi. Ukikuta umesajiliwa chama usichokijua na mtandao unakataa kukutoa, fika kwenye dawati la Msajili katika kituo cha Huduma ukiwa na kitambulisho. Ukiwa umehama mtaa na kituo chako kimebaki kwingine, nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unakoishi sasa, na uende mapema, kwa sababu uhamisho hufungwa daftari linapofungwa. Wewe au jamaa yako akinyimwa cheti cha mchujo aliochaguliwa, mtafuteni wakili siku hiyo hiyo: muda wa kulalamika ndani ya chama huhesabiwa kwa saa na siku, na jopo litauliza kwanza kama mlipita kwenye kamati ya chama. Na mtu akikuchukua kitambulisho "akuwekee" hadi siku ya kura, hiyo ni kesi ya polisi. Piga ripoti, pata nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha omba kingine.